Jabera ya nyasini: namna ninavyoiotesha kwa mbegu hapa Nairobi

Usiing'oe. Naanza na hilo kwa sababu mimi niliing'oa, na najua kilichofuata.

Ilikuwa Novemba 2016, mvua za vuli zimeshika, nami nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama mkwe kule Ngong, chini ya vilima. Nyuma ya nyumba yake kuna kipande cha malisho ambacho hakijawahi kulimwa. Ng'ombe walikuwa wamekigugunia nyasi zake hadi chini kabisa. Katikati ya nyasi hizo fupi palikuwa na maua meupe yenye wekundu kwa nyuma, kila moja limesimama juu ya kikonyo kitupu kisicho na jani, na majani yote yamelala chini yakizunguka kama sinia. Niliinama nikashika kikonyo kimoja. Nimefanya kazi miaka tisa katika shamba la maua upande wa Limuru, nikivuna jabera ndani ya vivungulio, yaani nyumba za nailoni za kukuzia mimea, yale maua makubwa ya rangi ya chungwa, waridi na manjano ambayo wauzaji wa City Market huyafunga katika mashada ya harusi. Kikonyo kile nilikijua. Kilikuwa chembamba na ua lenyewe dogo, lakini ilikuwa jabera.

"Mama, haya mnayaitaje huku?"

"Ni maua tu, mwanangu. Huja na mvua, kiangazi kikija huyaoni tena. Ng'ombe hawana habari nayo."

Nilimwomba jembe. Niling'oa mimea 14, nikaifunga kwa gazeti lililolowa, nikapanda nayo matatu hadi Dagoretti Corner, na jioni ile ile nikaitia kwenye vyungu. Kufikia Krismasi, 13 ilikuwa imekufa.

Nilipoifukua niliona sababu. Jabera haina mizizi ya juujuu kama nyasi. Ina mizizi minene kiasi, kama tambi zilizochemshwa, inayoshuka wima, na ukiigusa vibaya inakatika. Jembe langu lilikuwa limeikata yote karibu urefu wa kidole, na kila palipokatwa palikuwa pameoza. Mizizi hiyo ndiyo ghala la mmea. Jua likikausha majani, chakula kinabaki chini, na mvua ikirudi mmea unachipuka pale pale. Kwa hiyo ukichimba kwa jembe, unaondoka na majani na kuuacha mmea wenyewe ardhini. Tena kama ni ndani ya Karura, Msitu wa Ngong Road au Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kung'oa mmea bila kibali ni kosa mbele ya sheria.

Mmoja ulipona. Mimea yote niliyo nayo leo kitaluni imetokana na huo mmoja pamoja na mbegu nilizochuma baadaye kwa mama mkwe, kwa ruhusa yake.

Kuitambua

Jina lake la kitaalamu ni Gerbera viridifolia, na ni ya familia moja na alizeti. Jina Gerbera ni la kumkumbuka Traugott Gerber, daktari na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1743. Viridifolia maana yake ni yenye majani ya kijani, na hiyo ni alama ya kwanza ya kuangalia: jani ni kijani juu na chini, lina umbo la yai refu, na ukingo wake umenyooka au una vimeno vidogo tu. Jabera ya dukani ina jani lililokatwakatwa pembeni. Hii ya nyasini haina. Huota kwenye nyasi za nyanda za juu kuanzia Afrika Kusini hadi Ethiopia, na sisi tuko katikati ya njia hiyo.

Ina ndugu yake ambaye watu humchanganya nayo, Gerbera piloselloides. Huyo kikonyo chake kimevimba chini ya ua na kimevaa manyoya mengi kama soksi ya sufu, na ua lenyewe halifunguki sana. Naye ni mwenyeji wa nyasi zetu, ila hapa simzungumzii.

Chuma ua moja ulikague kwa karibu. Unaloliita ua moja ni mamia ya maua yaliyokaa pamoja kwenye sahani moja. Kila petali ya pembeni ni ua linalojitegemea. Ichomoe kwa ukucha, itazame mahali iliposhikana na sahani: utaona viuzi viwili vyembamba vimejikunja kuelekea ndani, kama ndevu za kamba mti. Hizo ni petali nyingine mbili za ua lile lile, zimebaki ndogo. Chini yake kuna kifuko kidogo, na ndicho kitakachokuwa mbegu. Nimewaonyesha wanangu, na nimewaonyesha wateja waliokuja kununua nyasi za kupanda tu. Hakuna aliyeondoka haraka.

Na kuna jambo ambalo lilinifanya nisiiache tena. Mwishoni mwa karne ya 19, Richard Irwin Lynch, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, alichanganya jabera nyekundu ya Barberton kutoka Afrika Kusini, Gerbera jamesonii, na hii yetu, viridifolia. Jabera za biashara za dunia nzima zimetoka kwenye uzao huo. Miaka tisa nilivuna maua kwa maelfu, nikiyapanga kwenye makasha ya kusafirishwa ng'ambo, na sikuwahi kuambiwa kwamba mzazi wake mmoja amelala kwenye nyasi za malisho, safari ya saa moja na nusu kutoka pale niliposimama.

Mbegu

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ua likishamaliza, kikonyo hurefuka na kichwa hufunga. Baada ya wiki mbili tatu hufunguka tena, safari hii kikiwa mpira wa vinyoya vya rangi ya majani makavu. Mpira ukifunguka asubuhi, jioni upepo umeshauchukua. Kwa hiyo nenda mapema, umande ukishakauka lakini kabla ya upepo wa mchana. Funika kichwa kwa bahasha ya karatasi, kigeuze, kitikise. Usitumie mfuko wa plastiki. Mbegu hutoa jasho ndani yake na kushika ukungu usiku mmoja.

Usimalize vichwa vyote. Mimi huchuma kimoja katika vitatu.

Sasa zimwage kwenye sahani nyeupe uzichambue, kwa sababu nyingi ni pepe. Mbegu nzuri ni ya kahawia iliyokolea, imejaa katikati na kuchongoka ncha zote mbili, na ukiibana kwa ukucha haikubali. Mbegu pepe ni bapa, nyepesi, na hujipinda. Mmea wangu ule mmoja ulionusurika ulinipa vichwa vitano msimu wa kwanza, na humo nilipata mbegu tatu tu zilizojaa. Nilidhani udongo wangu una shida. Nilipoleta mbegu za Ngong na kupata mimea minane iliyokaa jirani, vichwa vilijaa. Jabera hutaka chavua ya mwenzake. Ukipanda mmoja peke yake utapata maua lakini hutapata mbegu za maana, kwa hiyo panda angalau mitano, na iwe ya wazazi tofauti.

Mbegu hizi hazingoji. Zile nilizopanda ndani ya mwezi mmoja ziliota zaidi ya nusu. Zile nilizoziweka kwenye droo hadi mwaka uliofuata, kati ya 60 ziliota nne. Ukilazimika kuziweka, zikaushe kivulini siku tatu, zifunge kwa karatasi, uziweke ndani ya chupa yenye kifuniko kikali pamoja na vijiko viwili vya mchele uliokaangwa bila mafuta na kupoa, kisha chupa hiyo kwenye friji, si kwenye friza. Hata hivyo usipitishe miezi mitatu.

Kuotesha

Chukua trei au debe la mafuta lililokatwa ubavuni na kutobolewa chini. Tia udongo mwekundu uliochekechwa sehemu moja, mchanga wa mto sehemu moja, na majani yaliyooza sehemu moja. Usitie samadi. Mche mchanga hauhitaji samadi, na samadi huleta ukungu unaokata shingo za miche usiku, asubuhi ukaikuta imelala. Mimina maji ya moto juu ya udongo siku moja kabla ili uue ukungu huo, uache upoe na uchuje.

Mbegu usiifukie. Ichomeke wima, ncha isiyo na vinyoya chini na vinyoya juu, kama unavyochomeka mshale kwenye mchanga, hadi vinyoya vibaki nje. Inahitaji mwanga ili iote. Ukiona kuichomeka moja moja ni kazi, ilaze juu ya udongo na unyunyize mchanga kidogo kwa chujio la chai, kiasi cha kuishikilia tu. Mimi huichomeka. Kwa trei ya mbegu 50 ni kazi ya dakika 20, na huwa naifanya nikiwa nimekaa na redio.

Nyunyiza maji kwa chupa ya kupulizia. Funika trei kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, iweke mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali la saa sita. Funua asubuhi na jioni ipumue. Miezi yenye joto, Februari au Oktoba, utaona kijani baada ya siku 9 hadi 14. Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza na jua halionekani siku tatu mfululizo, nimengoja siku 25 na nikapoteza nusu. Kwa hiyo sioteshi kati ya Juni na Agosti. Nafuata mvua: mbegu za maua ya vuli nazipanda Januari na Februari, zile za masika nazihifadhi na kuzipanda mwanzo wa Septemba.

Mche ukipata majani manne, ukiacha yale mawili ya kwanza, uhamishie kwenye pakiti ndefu, zile nyeusi za miche ya miti. Usitumie vikombe vifupi. Mzizi unashuka haraka, na ukigonga chini unajikunja, kisha mmea unadumaa maisha yake yote. Inua mche kwa mpini wa kijiko, ukiushika kwenye jani na si kwenye shingo.

Udongo wa Nairobi

Wateja wangu ni wa aina mbili. Wa Karen, Dagoretti, Kikuyu na Kiambu wana udongo mwekundu, na hao kazi yao ni nyepesi: lima kwa kina cha jembe, ongeza karai moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila hatua mbili za mraba, panda.

Wa Embakasi, Syokimau, Kitengela na sehemu kubwa ya Lang'ata wana udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo mvua ikinyesha unavimba na kushika maji wiki nzima, kiangazi kikija unapasuka hadi mkono unaingia. Mizizi ya jabera huoza kwenye matope na hukatika kwenye nyufa. Usijaribu kuurekebisha kwa kuchanganya mchanga kidogo, maana utapata kitu kama tofali. Inua tuta. Panga mawe au matofali kuzunguka, urefu wa sentimita 30, tandika balasti chini, kisha jaza udongo mwekundu wa kununua sehemu mbili, pumisi sehemu moja na mboji iliyooza sehemu moja. Pumisi nyepesi inauzwa kwenye vitalu vingi vya kando ya barabara, hutolewa upande wa Naivasha na Longonot. Nimejengea mteja mmoja wa Syokimau tuta la hivyo, la hatua sita kwa mbili, na mimea yake imepita masika mara nne bila kufa hata mmoja.

Kama una roshani tu, chagua chungu chenye kina cha sentimita 25 na zaidi, chenye matundu ya kweli chini. Chungu cha udongo ni bora kuliko cha plastiki kwa sababu kinapumua.

Jua ni lazima, saa sita kwa siku au zaidi. Chini ya mwembe au nyuma ya ukuta mrefu itakupa majani marefu malegevu na hakuna ua.

Kupanda, na kosa linaloua zaidi ya yote

Sehemu ambapo majani yote hutokea, pale katikati, mimi naiita moyo. Moyo ukizikwa, mmea umekufa, umebaki kungoja siku tu. Maji hukaa katikati ya majani, uozo unaingia, na siku moja ukivuta jani linakuja na rundo zima mkononi, laini, linanuka.

Kwa hiyo chimba shimo la kina cha pakiti, chana pakiti kwa wembe bila kuubomoa udongo wake, na uweke mmea moyo ukiwa juu ya ardhi kwa upana wa kidole. Utaona kama umeuacha unaning'inia. Uache hivyo. Mizizi ya jabera ikikomaa hujikaza na kujifupisha, na huuvuta mmea chini yenyewe. Baada ya miezi michache moyo utakuwa umeshuka hadi usawa wa ardhi. Uliopandwa usawa wa ardhi tangu mwanzo huvutwa na kuzama, na mvua ya Aprili ikija na tope lake kila kitu kimekwisha. Mwaka 2019 niliajiri kijana anisaidie kupanda miche 40 kwa mteja, nikaenda soko la Gikomba kutafuta pakiti, niliporudi alikuwa ameizika yote vizuri na kuikanyagia kwa mguu, kama mtu anavyopanda sukuma wiki. Sikuwa nimemweleza. Tuliinua yote upya jioni ile, na bado 11 ilikufa. Tangu hapo wa kwanza napanda mimi, naye ananitazama.

Acha sentimita 25 kati ya mmea na mmea. Tandaza kokoto ndogo kuzunguka moyo ili tope lisiurukie. Usitandaze nyasi kavu karibu nao. Nyasi hushika unyevu na hufuga konokono.

Maji

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, kamwe si juu ya majani. Toboa kifuniko cha chupa ya soda umwagilie kwayo, inatosha. Wiki mbili za kwanza kila siku ya pili. Baadaye, ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, na ukiona ni kukavu, mwagilia hadi maji yashuke, kisha uache. Mmea uliokomaa ardhini hauhitaji maji yako msimu wa mvua, na kiangazi unaweza kuuacha ukapumzika. Majani yatakauka. Usidhani umekufa, usiung'oe, wala usiumwagie maji mengi kwa huruma. Weka kijiti uonyeshe ulipo na uungoje.

Angalia maji yenyewe. Maji mengi ya visima virefu hapa Nairobi yana magadi. Ukimwagilia kwayo miezi mitatu, majani mapya yataanza kuwa ya manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Maana yake mmea hauwezi kupata madini ya chuma, hata kama yamo kwenye udongo. Mbolea haitaponya hilo. Kinga maji ya mvua kwenye jerikeni. Hata jerikeni mbili za lita 20 kwa wiki zinatosha mimea kumi ya kwenye vyungu. Na ukiongeza majivu ya jikoni kwenye tuta la jabera unafanya kosa lile lile kwa njia nyingine, kwa hiyo majivu peleka kwenye sukuma.

Kuitunza ikishashika

Ua usilikate. Hili nilifundishwa shambani siku ya kwanza kazini, na msimamizi alirudi kuangalia mikono yetu mara tatu. Ukikata jabera kwa kisu au makasi, kipande kinachobaki kinaoza na uozo unashuka hadi kwenye moyo. Shika kikonyo chini kabisa, kipinde kidogo upande, kizungushe na uvute kwa pamoja. Kinatoka na kisigino chake, kwa mlio mdogo kama wa kuvunja kidole. Jeraha linabaki safi na kavu. Vivyo hivyo majani makuukuu. Ukitaka ua la mezani, likishatoka kata hicho kisigino na uliweke kwenye maji machache, vidole viwili tu vya kina. Kikonyo chake kina manyoya na huoza upesi kikizama kwenye maji mengi.

Mbolea kidogo. Samadi iliyooza, kiganja kimoja kwa mmea, mwanzo wa kila msimu wa mvua, mbali na moyo. Mtu akikuuzia mbolea ya kuotesha majani, atakupa majani.

Wadudu si wengi kama kwenye jabera ya kivungulio. Konokono hula maua yakiwa bado vifungo, uwaokote usiku kwa tochi. Vidukari wakishika chini ya vifungo, maji ya sabuni ya kipande, asubuhi, siku tatu. Nzi weupe hawajanisumbua kwenye mimea iliyo nje upeponi. Ukiona mmoja umenyauka ghafla wakati udongo una unyevu, hiyo ni mizizi kuoza. Utoe na udongo wake uutupe, usiupe nafasi ya kuambukiza jirani.

Adui mkubwa ni nyasi za Kikuyu. Zikiingia kwenye tuta zitapita juu ya jabera na kuizima katika msimu mmoja. Ng'oa kila kijitawi kabla hakijafunga fundo. Ukitaka jabera ikae ndani ya nyasi kama ilivyo porini, panda nyasi za vishungi zilizo wenyeji wa uwanda wa Athi, zile nyekundunyekundu za Themeda triandra, na uzifyeke kwa slasha mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, kabla tu mvua haijaanza. Wakati huo jabera imelala chini na slasha haiigusi. Nyasi zikiwa fupi mvua inapoanza, maua yanapata jua. Ndiyo kazi ambayo ng'ombe wa mama mkwe walikuwa wakiifanya bila kuambiwa.

Mmea wa mbegu huchukua muda. Yangu ya kwanza ilichanua baada ya miezi 11. Ukichanua mara moja, huendelea kila msimu wa mvua, na ule ulionusurika mwaka 2016 bado uko hai, umekuwa na mioyo minne. Unaweza kuigawa kwa kisu kikali kila mmoja ukiwa na mizizi yake, lakini mimi siigawi. Mbegu zinanipa mimea mipya isiyofanana, mmoja mweupe kabisa, mwingine unaelekea waridi.

Mwaka jana sehemu ya malisho kule Ngong iliuzwa. Tingatinga lilikuja Jumatatu, kufikia Jumatano palikuwa na maramu na nguzo za ploti. Nilikuwa nimechuma mbegu za mwisho wiki mbili kabla. Mama mkwe alinipigia simu mwenyewe. "Yale maua yako, wameyaondoa," akasema, na nilisikia sauti yake imebadilika, yeye aliyekuwa akiniambia ni maua tu.

Mwezi wa tatu nilimpelekea miche 30, imejaa kwenye kreti mbili za soda. Tulichagua ukanda ulio kati ya lango lake na barabara, hatua kumi na mbili kwa urefu, ambako hakuna atakayejenga. Yeye aliketi kwenye kigoda akinipokeza pakiti moja moja, na kila nilipoweka mmoja aliuliza kama moyo uko juu. Mvua ilianza siku ya nne. 27 imeshika. Vikonyo vya kwanza vinatoka sasa, na amemwambia kijana anayechunga ng'ombe kwamba hapo apitishe ng'ombe taratibu, wale nyasi, wasilale.